Kimchi ya Handeni

Mtu akikwambia utani haujawahi kumvunja mtu mfupa, mwambie aende Handeni akautazame mkono wa kulia wa Mbwana. Vidole vitatu havikunjiki. Vilivunjwa mchana kweupe na Awadhi, binamu yake, mtoto wa shangazi yake hasa, mbele ya mama aliyemzaa Mbwana, na chanzo chake ni kabichi. Lakini ukilianzia jambo hili kwenye kipigo utadhani watu wa kijiji kile wana roho za fisi, kwa hiyo tulianzie mjini.

Mbwana alikaa Dar es Salaam miaka kumi na mmoja, yote jikoni kwa Wakorea. Alianza kwa kuosha masufuria, akapanda hadi kukata nyama, akapanda tena hadi kuonja mchuzi. Migahawa ya Kikorea ya mjini aliijua yote kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma haudanganyi. Kwa nyama, alikuwa akisema, nenda ule wa ghorofani Masaki, wenye meza zenye moto katikati. Mwezi wa pili, joto likizidi, nenda Mikocheni ukale tambi za baridi zenye vipande vya barafu. Lakini ukimwapisha akwambie yeye mwenyewe angekula wapi kwa pesa yake, angekutajia kwa Mama Yun, Msasani: meza nne, feni moja mbovu, na uani mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni.

Ndani ya mitungi hiyo mlikuwa na kimchi. Ni kabichi ya Kichina, ile ndefu, inayotiwa chumvi, ikapakwa pilipili nyekundu, tangawizi, vitunguu saumu na dagaa waliosagwa, kisha ikaachwa ichachuke. Mkorea bila kimchi ni sawa na Mzigua bila ugali. Mama Yun alikuwa mjane mfupi mwenye mkono mwepesi. Mbwana akikosea chumvi, mwiko ulitua kwenye vifundo vya vidole vyake kabla hajamaliza kuomba radhi. Alimchukia miaka miwili, kisha akampenda kuliko alivyompenda mwajiri yeyote, maana kila pigo lilikuwa na somo lake.

Mama Yun akazeeka, akarudi kwao kwa wanawe, na kiwanja kikauzwa. Mbwana akakaa bila kazi miezi saba. Siku moja bwana Cho, mwenye ule mgahawa wa ghorofani, akamwita. Bwana Cho alikuwa akila kwa Mama Yun kila Jumapili, na sasa hakuwa na pa kwenda. Alimwambia: "Niletee mitungi mitano yenye ladha ile ile, jiko langu ni lako. Ukishindwa, usipande tena ngazi zangu." Hakuwa mtu wa kurudia maneno. Mbwana alikuwa na miaka thelathini na mitano, hana mke, hana nyumba, na chumba alichopanga hakikuwa na hata upenyo wa kuzika kokwa ya embe. Akarudi Handeni kwa mama yake, Bi Mwaija, akiwa na ahadi hiyo moja tu mkononi.

Handeni mwaka huo ilikuwa imekauka. Vuli haikunyesha, masika yakachelewa, mahindi yakasimama kiunoni yakafia hapo hapo. Kabichi ilibidi aifuate milimani. Alipita Korogwe akapanda hadi Dindira, kwa mkulima mmoja aitwaye Isaka, ambaye shamba lake lilikuwa linachuruzika maji na ukungu. Alipanda mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na magunia, mara ya pili na mitungi mitano ya udongo aliyoinunua kwa wafinyanzi wa huko huko. Alifurahi kwamba vyote vimepatikana njia moja. Hakukaa akafikiri kwamba kila Mzigua, tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, ameshasikia kuwa dawa ya mvua iko kwa Wasambaa, na kwamba dawa hiyo hukaa chunguni.

Akaizika mitungi nyuma ya jiko la mama yake. Kila mtungi akaufunga shingoni kamba ya majani makavu, na kwenye kamba akachomeka pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, kama alivyofunzwa Msasani. Kwa kuwa udongo wa Handeni ulikuwa wa moto, kila jioni aliumwagia maji yaliyobaki ya kuoga ili mitungi ipoe. Bi Mwaija alimwuliza mara moja tu zile kamba ni za nini. Alimjibu kuwa ni desturi ya Wakorea. Mama akaendelea kupepeta, naye Mbwana akalichukulia hilo kuwa ni ridhaa. Siku ishirini na moja zilitosha, kisha lori la kwenda Dar.

Siku ya kumi na sita alikaa kijiweni kwenye kahawa, na Awadhi akamchokoza.

"Haya, mtu wa mjini, tuambie huko kwa Wakorea pazuri pa kula ni wapi."

Mbwana hakungoja kuulizwa mara mbili. Akawapeleka Mikocheni, akawarudisha Msasani, akawapandisha Masaki kwenye meza za moto.

"Meza ina moto?" mzee mmoja akauliza.

"Ina moto, mzee. Unaletewa nyama mbichi, unachoma mwenyewe."

"Na pesa unalipa?"

"Unalipa, tena nyingi."

Mzee alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Si bora ungebaki nyumbani kwa mama yako, mjukuu wangu!"

Kwa Wazigua binamu ni mtani, na mtani ana ruhusa. Anaweza kukutabiria kifo, akakuvua shati hadharani, akaja msibani kwako akaigiza kilio chako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Utani hujibiwa kwa utani mkubwa zaidi. Awadhi akasimama, akamnyooshea kidole.

"Msimchekee huyu. Huyu ndiye katufungia mvua. Kapanda Usambara mara mbili, kashuka na vyungu, kavizika. Sasa aifungue, au nitamvunja hiyo mikono yake ya kukatia nyama."

"Kweli nimeifunga," Mbwana akajibu papo hapo. "Na siifungui mpaka mniletee jogoo mweusi na binti wa kuoa. Wewe Awadhi mwaka huu utalamba umande."

Watu walicheka. Waliocheka walikuwa wachache kuliko siku nyingine, lakini Mbwana alikuwa ameshika kikombe chake akifurahia jibu lake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja ni mingi. Alikuwa amesahau kwamba hata utani una majira yake, na kwamba mtu mwenye njaa husikiliza kwa sikio jingine.

Kuanzia Jumatano watu walitoka kwenda uwanjani kuomba mvua. Maalim Hiza aliongoza sala siku tatu mfululizo, juani, kichwa kikimzunguka. Mbwana alisali Jumatano na Alhamisi. Ijumaa baada ya sala ya mchana alirudi nyumbani mbio, kwa sababu ilikuwa siku ya kumi na tisa, siku ya kuonja. Wala hakujua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Rukaya, mke wa Awadhi, alikuwa ameharibikiwa mimba ya miezi sita. Alianguka na ndoo kwenye ukingo wa bwawa lililobaki tope, mwendo wa saa mbili kutoka kwake, na wakati akivuja damu njia nzima ya kurudi, nyuma ya jiko la Bi Mwaija palikuwa pamemwagwa maji ardhini.

Mbwana alichutama, akafungua mtungi wa kwanza, akachana jani moja la kabichi, akalitia mdomoni. Ilikuwa yenyewe. Chachu, pilipili, ile baridi ndogo inayopanda puani mwishoni. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya pilipili. Alimwona Mama Yun akiinua mwiko kisha akiushusha bila kupiga. Alikuwa bado anatafuna aliposikia uzio wa mabua ukivunjwa.

Waliingia kama watu arobaini, wanaume kwa wanawake, wakiwa na majembe, mashoka na fimbo. Awadhi alikuwa mbele. Macho yake yalikuwa mekundu na kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa na damu iliyokauka begani, aliyoipata alipombeba mkewe.

"Fungua," alisema.

Mbwana alitabasamu. Mungu amsamehe, alitabasamu, akidhani ni utani ule ule umeongezewa watu. "Jogoo yuko wapi?" akauliza.

Awadhi alimpiga ngumi ya mdomo. Mbwana akaanguka chali juu ya udongo wenye unyevu, damu na kimchi vikichanganyika ulimini. Kabla hajainuka, teke lilimwingia mbavuni, la pili likampata sikioni, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali. Mwanamke mmoja aliing'oa kamba kwenye mtungi akaiinua juu.

"Pilipili na mkaa! Hii ya nini, Mbwana? Sema mbele ya watu!"

Mtu mwingine angedanganya. Angesema ni mapambo, ni alama ya biashara, ni chochote. Lakini Mbwana hakuwa hodari wa kutunga, na kichwa kilikuwa kinavuma. "Ya kuzuia mabaya," alisema. "Yasiingie kwenye mtungi."

"Na maji unayomwaga?"

"Ili ipoe. Ikae, isiharibike upesi."

"Mmemsikia!" Awadhi alipiga kelele, sauti ikikatika. "Anaipoza! Mke wangu amemwaga mtoto kwa kufuata maji, huyu anaipozea mvua chini!"

Jembe la kwanza lilitua kwenye mtungi wa kwanza. Ulipasuka kwa mlio mzito, na maji mekundu yakaruka yakawapiga waliosimama karibu. Mmoja akapiga yowe akishika macho. Yowe lile lilimaliza shaka ya wachache waliokuwa nayo. Shoka likashuka kwenye mtungi wa pili. Harufu ya kitu kilichochachuka ikajaa ua mzima, na mtu akatapika.

Maalim Hiza alifika akihema, kilemba kimelegea. "Enyi waja wa Mungu, tumetoka kusali sasa hivi! Mvua hamuifungi ninyi wala yeye!" Alijaribu kusimama kati ya mashoka na mtungi wa tatu. Mtu aliyemwamkia shikamoo asubuhi ile ile akamsukuma kifuani kwa mpini wa jembe, na maalim akaanguka kwenye jivu la jikoni. Aliinuka, akajaribu tena, akasukumwa tena, na mara ya tatu hakuinuka haraka. Mtungi wa tatu ukapasuka.

Hapo Mbwana akapandwa na hasira. Si ya mapigo, ya mitungi. Alitambaa hadi kwenye kigoda alikoacha kisu chake cha kukatia nyama, kisu chembamba alichokinoa kila asubuhi kwa miaka yote ile, akainuka nacho. Watu wakarudi nyuma. Awadhi hakurudi. Akaja moja kwa moja, na Mbwana akamchana mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Nyama ilifunguka kwa wepesi uleule wa jikoni, na Mbwana aliiona, akaijua kazi ya mkono wake, akasita. Sekunde ile ya kusita ndiyo iliyomponza. Fimbo ilimpata nyuma ya magoti. Wakamkalia, wakampokonya kisu, wakampiga kwa kila kilichokuwa mikononi mwao. Mzee aliyepaliwa na kahawa siku ile alimpiga kwa kiatu chake cha ngozi, tena na tena, kwenye kichwa, huku akilia.

Mtungi wa nne ulipopasuka hakuuona, aliusikia tu. Alikuwa na jicho moja linalofunguka. Kwa jicho hilo aliutazama wa tano, na hapo akajua kwamba bado anaweza kuokoa kitu. Mtungi mmoja bwana Cho angeuonja. Mtungi mmoja ungetosha kumpandisha zile ngazi. Akajiburuta kati ya miguu yao, akaukumbatia ukiwa ardhini, kifua juu ya kifuniko, vidole vimeshika mdomo wa udongo.

"Huu niachieni," alisema. "Awadhi, ndugu yangu, huu mmoja tu. Nitakula mbele yenu. Ni mboga. Ni mboga tu."

"Mng'oeni mikono," mtu akasema.

Walivuta, haikutoka. Wakampiga mgongoni, haikutoka. Awadhi, damu ikichuruzika kutoka kwenye mkono mmoja, akaingia jikoni, akatoka na mchi wa kinu cha Bi Mwaija. Bi Mwaija alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele na hakumshika. Mchi ulishuka kwenye mkono wa kulia wa Mbwana, mara moja, mara mbili. Pigo la tatu lilipita vidole na kupasua udongo, na Mbwana akaangukia ndani ya mtungi kwa uso na mikono. Pilipili ikaingia kwenye kila kidonda alichofunguliwa. Ikaingia machoni. Alipiga ukelele uliowafanya mbuzi wa nyumba ya tatu wakate kamba.

Waliokota mabua ya uzio, wakaanza kuyarundika juu yake. Mtu akaomba kiberiti. Mwingine akasema ngoja, kwanza alaaniwe hapa hapa. Wakabishana. Walikuwa hawajakubaliana pale tone la kwanza lilipoanguka.

Lilianguka kwenye kigae. Likafuata jingine, kubwa, kwenye mgongo wa mtu, naye akaruka. Wote wakatazama juu. Wingu lilikuwa limetoka upande wa Korogwe, jeusi, chini, na kwa fujo zote zile hakuna aliyeliona likija. Kisha mvua ikashuka yote kwa mkupuo.

Watu wakapagawa. Walilia, walikumbatiana, walipiga takbiri, walifungua midomo wakanywa. Wanawake wakatega ndoo na masufuria, hata vipande vya mitungi vilivyobaki na tumbo. Mzee wa kiatu alikaa kwenye matope akicheka. Maji yalisomba kabichi nyekundu uani, yakaipeleka njiani, na kuku wakaikimbilia.

Awadhi alimwondolea Mbwana mabua. Akapiga goti, akamwinua kwa ule mkono mzima, akamtegemeza begani kama alivyombeba Rukaya usiku, akampeleka ndani akamlaza mkekani. Hasira ilikuwa imemtoka kabisa. Uso wake ulikuwa umejaa furaha na huzuni.

"Binamu," alisema, "ungeifungua juzi nilipokwambia, tusingefika huku. Mtoto wangu angekuwepo." Akamfuta matope usoni kwa pindo la kanzu. "Lakini yamekwisha. Nimekusamehe. Nawe nisamehe mkono wako; kwa huu wangu uliouchana, tumelipana."

Mbwana alijaribu kusema. Mdomo ulikuwa umevimba, na nje watu walikuwa wakiimba kwa nguvu mno.

Jioni Bi Mwaija alikaa kichwani pake na bakuli la maji ya mvua. Alimwosha macho kwa kitambaa, polepole, akifungua kope moja baada ya nyingine. Alikuwa amevifunga vile vidole kwenye kipande cha ubao. Paa lilivuma kwa maji, na mama alikuwa anatabasamu bila kujijua, kama mwanamke yeyote mwenye shamba.

Mbwana alifikiri juu ya ngazi za Masaki. Kabichi haikuwepo, mitungi haikuwepo, na mkono uliokuwa unajua chumvi kwa kugusa ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Hakuwa na mji wa kurudi. Alikuwa na chumba hiki, mkeka huu, na majirani wale wanaoimba nje. Kilichobaki kilikuwa mtu mmoja wa kumwamini.

"Mama," alisema. "Wewe unajua kwamba sikufanya kitu. Unajua, eti?"

Bi Mwaija alikamua kitambaa. Hakumwangalia.

"Lala, mwanangu," alisema. "Mvua imenyesha. Nilikuwa ninawaambia kila siku, mwanangu hana roho mbaya, kuna jambo tu limemuudhi. Kama ni mimi niliyekukosea, ungeniambia mimi. Usingewaadhibu watu wote." Akampapasa kipaji cha uso. "Ila usirudie tena."

Nje mtu alilitaja jina lake, na wengine wakaitikia kwa shangwe, bila chuki hata kidogo. Mbwana alimtazama mama yake kwa jicho lililokuwa linafunguka. Alitazama mpaka akaelewa kwamba hakuna neno lililobaki la kumtoa hapo alipowekwa, na kwamba hapo ndipo atakapoishi.

"Sitarudia, mama," alisema.